Shelta ya mtumba: nunueni kuta, msinunue vilivyomo

Hotuba kwa wenye kampuni ndogo za intaneti, redio za mitaani na mafundi wao, Nairobi

Waheshimiwa wageni, wahandisi wenzangu, mafundi, na ninyi wenye kampuni ndogo ambao kikao hiki ni chenu hasa: hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi wenu mmeshaliuliza. Leseni imepatikana, mlingoti umesimama, sasa mitambo itakaa wapi? Kile chumba cha chini ya mnara, ambacho sisi mafundi tunakiita shelta, tukiagize kipya au tuchukue kilichokwisha kutumika?

Jibu langu nalitoa sasa hivi ili msilisubiri hadi mwisho. Shelta iliyotumika inafaa, tena inafaa sana, mradi mnanunua kuta, paa na sakafu tu. Vilivyomo ndani, yaani kiyoyozi, bodi ya umeme, betri na mtungi wa kuzimia moto, vihesabuni kuwa havina thamani hata shilingi moja. Ikiwa bei ya muuzaji bado inaingia akilini baada ya hesabu hiyo, nunueni. Isipoingia, agizeni mpya bila majuto.

Najua tumelelewa na msemo wa rahisi ghali. Katika jambo hili siupendi, kwa sababu unamfanya mwenye mtaji mdogo aone haya hata kuuliza bei. Jiji hili linavaa mtumba na kuendesha mtumba, na halijaanguka. Kampuni inayohudumia nyumba mia mbili pale Mukuru haiwezi kujenga kama kampuni yenye minara nchi nzima, wala haipaswi kulazimishwa kujenga hivyo. Haki yake ni kupata kitu kizima kwa bei inayoiweza. Kinachomuumiza mnunuzi ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia hilo ndilo nataka tulifungue pamoja.

Kwanza tuulize shelta hizi zinatoka wapi. Miaka ya 2000 mitandao ya simu ilipokuwa ikisambaa nchini, mtambo wa 2G ulikuwa makabati mazito ya chuma yaliyojaza chumba na kukitia joto mchana na usiku. Leo redio inafungwa juu mnarani kando ya antena, na kinachobaki chini mara nyingi hutosha katika kabati moja la nje. Minara nayo imeanza kushirikiwa: mwaka 2018 Telkom Kenya ilikubali kuiuzia American Tower minara yake zaidi ya 700, na kampuni inayomiliki mnara hupangisha watu wawili watatu mahali pamoja. Vyumba vilivyokuwa muhimu vinabaki vitupu, na vingine huishia kwenye yadi. Shelta ya namna hiyo haikuuzwa kwa sababu imeharibika. Iliuzwa kwa sababu kilichokuwa ndani kimepungua ukubwa. Kwa mnunuzi hiyo ni habari njema.

Kundi la pili ni zile zinazotangazwa na wauzaji wa Marekani na Ulaya, za kuletwa kwa meli hadi Mombasa. Za Ulaya zina afadhali kwa upande wa umeme. Za Marekani naomba mnisikilize kwa makini. Mtu anasoma kwenye kibati cha kiyoyozi volti 230, anakumbuka kwamba stima yetu ni volti 240, anaona mambo yamelingana. Anasahau kusoma hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, wetu ni wa hezi 50. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 ikiletwa hapa huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, feni yake inasukuma hewa kidogo, na chuma cha ndani ya mota kinabeba sumaku nyingi kuliko kilivyopimiwa, hivyo mota yenyewe inachemka. Itawaka siku ya kwanza, muuzaji atatabasamu, na baada ya miezi mtaanza kutafuta kompresa. Taa na soketi zake ni za volti 120. Kwa hiyo waya zote za ndani, kuanzia bodi hadi swichi ya mlangoni, ni za kung'olewa.

Hata kiyoyozi kisicho na tatizo la hezi kinaweza kuwa na tatizo la gesi. Viyoyozi vingi vya zamani vinatumia R-22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilipewa ratiba ya kuachana na kundi hilo la gesi: kupunguza asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025 na asilimia 97.5 kufikia 2030. Kwa maneno mengine, mnaponunua kiyoyozi cha R-22 leo mnanunua mashine ambayo chakula chake kinaondolewa sokoni kwa sheria. Angalieni pia mtungi wa kuzimia moto. Ukiandikwa Halon 1301, gesi ambayo nayo huharibu ozoni, msiufungue na msiufyatue ili kuujaribu. Nchi zilizoendelea ziliacha kuizalisha mwaka 1994, nasi wengine mwaka 2010. Waiteni watu wa NEMA, mamlaka ya mazingira, wawaelekeze pa kuupeleka.

Sasa tuje kwenye kuta, maana hapa ndipo pesa yenu ilipo.

Adui wa shelta ni maji. Wezi na jua vinafuata nyuma yake. Nairobi ina masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na paa linalovuja tone moja litavuja misimu yote miwili juu ya mtambo wa mamilioni. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni moja, na silipunguzi: paa limwagiwe maji mkiwa ndani. Leteni mpira wa maji, au bauza kama yadi haina bomba, mmwage nusu saa nzima huku mmoja wenu amesimama ndani na tochi akitazama pembe, maungio na pale nyaya zilipopita. Kabla ya hapo, fungeni mlango mchana wa jua, zimeni taa, mkae dakika chache mpaka macho yazoee giza. Panapoingia mwanga patapita maji, vumbi na panya. Ukaguzi huo haugharimu kitu, na mara nyingi unatosha kuwapunguzia bei.

Kisha nendeni sakafuni. Shelta nyingi za paneli, yaani mabati mawili yenye povu katikati, zina sakafu ya plaiwudi iliyofunikwa zulia la plastiki. Fundi mwenye haraka hulitazama zulia akaridhika. Lifunueni, hasa pale betri zilipokuwa zimewekwa, kwa sababu asidi ikidondoka hula mbao kimyakimya. Chomeni kwa bisibisi. Mbao nzima itaikataa ncha, iliyooza itaipokea. Pigeni hodi ukuta mzima kwa kifundo cha kidole: paneli iliyoshikana na povu lake hutoa sauti moja kila mahali, na iliyoachana nalo hutoa sauti ya utupu, wakati mwingine imevimba kidogo. Povu lililokunywa maji halikaushwi. Linakuwa zito, linaacha kuzuia joto, na chuma kinaota kutu kutoka ndani mahali msipopaona. Ukuta wenye vidonda vya hivyo kila upande msiununue hata kwa bei ya chuma chakavu.

Shelta ya zege ina dalili zake: mistari ya rangi ya kutu inayofuata nondo, na nyufa kuzunguka pete za kunyanyulia. Nyufa hizo za peteni ndizo zinazonitisha kuliko zote, kwa kuwa siku ya kreni kuna watu chini ya ule mzigo. Ya faibaglasi ipangusieni kiganja. Ikiacha unga kama chaki, jua limeshaila na itahitaji kupakwa rangi upya. Ulizeni pia iliishi wapi. Miaka kumi Malindi au Mombasa, kwenye chumvi ya bahari, si sawa na miaka kumi Limuru. Na tazameni mashimo ya mwenye mali wa kwanza. Kila waya uliopita uliacha tundu, na kila tundu ni kazi ya kuziba vizuri kwa bamba, si kwa matambara na silikoni ya haraka.

Nyaya za shaba za erthi, yaani za kupeleka radi ardhini, msitarajie kuzikuta. Shaba na chuma chakavu vimetutesa sana nchi hii. Umeme ulipokatika nchi nzima tarehe 11 Januari 2022 baada ya nguzo kubwa za laini ya Kiambere kwenda Embakasi kuanguka, Serikali ililaumu waliozihujumu, na mwezi huohuo biashara ya chuma chakavu ikasimamishwa kwa muda. Kwa hiyo wekeni bajeti ya erthi mpya, shelta iwe mpya au ya zamani. Radi haiulizi mlinunua kwa bei gani.

Nigusie joto, maana hapa wauzaji wa pande zote mbili hutia chumvi. Kilowati moja inayoingia kwenye mtambo hutoka karibu yote ikiwa joto. Chukueni chumba cha mita 3 kwa 2.5, kimo mita 2.7. Paneli nzima ya povu la poliurethani, unene wa milimita 75, itapitisha wati mia moja na kitu tu wakati hewa ya nje imezidi ya ndani kwa nyuzi 10. Kontena tupu la chuma lisilo na povu, ukubwa uleule na tofauti ileile, litapitisha karibu wati 2,000, sawa na kuongeza mtambo mwingine ndani. Ndiyo maana siwashauri kugeuza kontena la meli kuwa shelta bila kulivika ndani, hata kama bei yake inavutia.

Lakini kuna jambo ambalo orodha za wauzaji hazisemi kwa sababu hazikuandikwa kwa ajili yetu. Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ya nje ni baridi kuliko chumba cha mitambo kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hiyo ni neema. Feni mbili nzuri zenye vichujio zinaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kiyoyozi, na shelta ya mtumba iliyokufa kiyoyozi ikafufuliwa kwa gharama ndogo. Chagueni feni kubwa kidogo kuliko hesabu ya vitabuni, kwa sababu hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na ya pwani, na feni inayosukuma ujazo uleule inabeba joto kidogo. Jenereta lisilo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, nalo hupoteza nguvu kwa sababu hiyohiyo. Vichujio vioshwe, hasa kwa walio karibu na barabara za vumbi na viwanda vya saruji upande wa Athi River. Haya nayasema kwa Nairobi. Mwenye saiti Lodwar asiyachukue yalivyo.

Sasa fikirieni stima imekatika, kama usiku ule wa tarehe 25 Agosti 2023 ambapo hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia giza. Kiyoyozi kimezima, mtambo bado unakula betri na kutoa joto lake. Kama si kuta na vyuma kunyonya, hewa ya chumba cha mita 20 za ujazo ingepanda nyuzi moja kila sekunde kumi kwa mtambo wa kilowati mbili. Zege nene hunyonya joto hilo na kuwapa muda. Paneli nyepesi haina uwezo huo. Hapa shelta kuukuu ya zege inaishinda mpya ya paneli, na sijaona muuzaji wa paneli akilitaja. Atakayechagua paneli afunge feni ya dharura ya volti 48 inayotumia betri zilezile za mtambo. Betri za madini ya risasi zilizofungwa hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, kwa hiyo feni hiyo inajilipa yenyewe.

Uzito ndio unaoamua mengi katika mitaa yetu. Ukuta wa zege wa sentimita 10 una kilo 240 kwa kila mita mraba. Kile chumba changu cha mfano, pamoja na paa na sakafu, kinakaribia tani 11. Kinataka trela na kreni, na barabara ya kreni kusimama na kufungua miguu yake. Barabara hiyo mnayo Kibera? Mnayo Mathare? Chumba kilekile cha paneli hakifiki tani mbili, na kikiwa kipya huja kimelazwa vipande vipande. Vijana wanavibeba mabegani kupitia kichochoro na kukiunganisha palepale. Kwa saiti ya namna hiyo sibishani na mtu: nunueni mpya ya paneli. Shelta ya mtumba ikishaunganishwa na kukaa miaka, kuibomoa na kuiunganisha tena mara nyingi huacha maungio ambayo hayatashikana kama mwanzo.

Na wale mnaotazama juu ya maghorofa ya Pipeline, Eastleigh au Kasarani, nawasihi. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba takriban kilo 150 kwa mita mraba juu ya uzito wake yenyewe. Shelta ya zege niliyoitaja inakandamiza zaidi ya kilo 1,400 kwa mita mraba. Betri nne tu za volti 12 zenye uwezo wa Ah 150 zinakaribia kilo 200. Tuliona Huruma mwezi Aprili 2016 ghorofa lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya hamsini. Hakuna intaneti inayostahili hatari hiyo. Juu ya paa la watu wawekeni kabati dogo, baada ya mhandisi wa majengo kukagua na kutia sahihi, si baada ya mwenye nyumba kusema nyumba yake ni imara.

Hapo hapo niseme kwamba kampuni nyingi zilizoko humu hazihitaji chumba kabisa. Swichi, redio mbili tatu na betri ya lithiamu vinaingia katika kabati la nje lenye kufuli zuri. Pimeni mzigo wenu kwanza.

Mpya nayo si dawa ya kila kitu. Shelta mpya ya paneli ya milimita 40 yenye bati jembamba ni duni kuliko ya zamani ya milimita 75 iliyotunzwa. Mkiagiza mpya, andikeni katika mkataba unene wa paneli, aina ya kiini chake na jinsi kinavyostahimili moto, unene wa bati, kimo cha sakafu kutoka ardhini, na lile jaribio la maji, lifanyike kiwandani na lirudiwe saitini kabla ya malipo ya mwisho. Mafundi wa Industrial Area na wa jua kali wanaweza kuunda shelta nzuri sana. Nimeziona. Wanachohitaji kwetu ni mchoro kamili badala ya kuambiwa watengeneze kama ile ya jirani. Kimo cha sakafu msikipuuze: mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia Mathare, Mukuru na Kitengela, na shelta iliyowekwa chini haikuwa na namna.

Katika hesabu ya pesa, simamisheni bei zote mbili mahali pamoja, yaani siku mtambo unapowashwa. Ya mtumba ongezeni kreni, trela, waya mpya, feni, erthi, rangi, kuziba mashimo, na safari za fundi. Mkileta kutoka nje, ongezeni meli, ushuru na ukaguzi wa ubora wa KEBS, shirika la viwango. Nikifanya hesabu hiyo, ya zege iliyo ndani ya nchi, kwa saiti ambayo lori linafika, kama Ruai, Kitengela au Ngong, mara nyingi hushinda. Ya kutoka ng'ambo ni nadra kushinda, na kwa kampuni ndogo sioni sababu ya kuihangaikia.

Nimeziacha betri za zamani mwisho kwa makusudi. Muuzaji atawaambia, chukueni na betri hizi, ni zawadi. Zikataeni. Betri ya risasi iliyokufa ni sumu inayotafuta mtu wa kumwangukia. Mnaikumbuka Owino Uhuru kule Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu madini ya risasi mwilini, watoto wakiwemo, hadi mwanaharakati Phyllis Omido aliposimama na wenzake, akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mahakama mwaka 2020 ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Zile zilikuwa betri za kawaida kabisa, za magari na mashine kama zetu, zilizotoka mikononi mwa watu ambao hawakuuliza zinaenda wapi. Kama mmeshazipokea pamoja na shelta, wapeni wenye kibali cha NEMA tu, na mdai stakabadhi inayoonyesha idadi na mahali zilipopelekwa. Mwenye kampuni ajue stakabadhi hiyo iko faili gani.

Asanteni kwa kunisikiliza. Wenye picha za shelta mnazozitazama kwenye simu zenu, sogeeni mbele tuzikague. Tuanze na zile zilizopigwa zikiwa zimefungwa mlango.